Namba Kwenye Kona ya Bango

Picha ile ilikuwa imebandikwa ukutani, katikati ya picha za taa za zambarau na wanawake wenye macho ya chuma. Mukai, binti yangu, aliipita siku nne bila kuitazama. Siku ya tano akasimama na birika la chai mkononi, akainama, akasoma namba ya simu kwenye kona ya bango lililoshikwa na mtu katika picha. Ilikuwa namba yangu.

"Huyu ni baba," akasema, na ofisi nzima ikageuka.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya watu wa filamu kutoka ng'ambo. Walikuwa wamekodi nyumba Lavington, na bustani yake na mbwa wake, watengeneze hadithi ya Nairobi ya mwaka 2091. Mukai alikuwa upande wa mapambo, wale wanaotafuta viti, mapazia na vibao vya maduka. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya maana tangu amalize chuo, na chuo alimaliza miaka mitatu iliyopita. Kontrakti yake ilikuwa ya miezi miwili. Kuna Jumatatu ilikuwa inakuja ambayo wakubwa wangekaa waamue nani anaendelea mpaka mwisho wa mwaka na nani anarudisha kitambulisho getini. Bosi wake aliposikia kwamba mwandishi wa bango lile bado yuko hai, ana kibanda Dagoretti Corner, tena ni baba wa msichana anayeleta chai, alipiga makofi.

"Mlete," akamwambia. "Bango lile lile, mkono ule ule. Ukimleta, hiyo Jumatatu usiiwaze."

Mukai alinieleza haya akiwa amesimama mlangoni mwa kibanda, mkoba bado begani. Mimi nilikuwa naandika BUCHA kwenye bati. Nilikuwa nimefika kwenye H.

"Ni bango moja tu, baba. Na vibao kumi na viwili vya Kichina. Kazi ya wiki moja."

"Bango gani?"

Alijua ninajua. Akatazama barabara.

"Lile la maandamano."

Nikamaliza H, nikaanza A. Nilingoja nisikie kitu kifuani. Aibu, hasira, kitu. Nikasikia tu kwamba rangi ni nzito, inataka mafuta ya taa kidogo.

"Sawa," nikasema.

Wacha nieleze bango lile, kwa sababu watu husahau na mimi sisahau. Hilo ndilo tatizo langu, mke wangu alikuwa akisema.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyasoma kwenye magazeti ya kufungia nyama, moja moja, yenye damu. Miaka mingi nilikuwa nikisimama bustani ya Jeevanjee saa za mchana, nawaambia makarani wanaokula mahindi ni nani amewala wao. Wengine walicheka, wengine walirudi kesho yake. Polisi walinijua kwa jina.

Baba yangu alikuwa mchongaji. Alitoka Machakos akaingia karakana ya Wakamba wenzake hapa Nairobi, akachonga Wamasai thelathini kwa wiki, mkuki, shuka, mguu mmoja umeinuliwa. Wazungu walinunua kama njugu. Yeye mwenyewe hakuwa na rafiki Mmasai hata mmoja. Siku moja nilimuuliza kwa nini hachongi Mkamba. Akaniangalia kama ninayeumwa.

"Mkamba nani atanunua?"

Mwaka wa themanini na mbili, siku ya jaribio la mapinduzi, maduka ya Wahindi yalipovunjwa katikati ya jiji, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Amu yangu Ndambuki alirudi na katoni ya viatu kichwani, anaimba. Tulipofungua, vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto, vile vya kuwekwa dirishani. Alivificha chini ya kitanda miaka miwili. Sijui alikuwa akingoja nini. Labda alidhani kuna mtu mwingine mjini mwenye katoni ya kulia.

Basi nilipokuwa mtu mzima nilipaswa kujua. Lakini mwaka ule wa maandamano, miaka michache iliyopita, wafanyabiashara wa River Road walikuja kwangu. Wachina waliokuwa wakiuza kwa jumla walikuwa wameanza kuuza sahani moja moja, na wenyeji wanafunga. Joash, rafiki yangu Mluhya aliyeuza vyombo, alikuwa amefunga. Niliandika mabango arobaini kwa usiku mmoja na mchana mmoja. Moja lilisema: NAIROBI SI DUKA LENU. RUDINI KWENU.

Mimi sikuwa na duka. Mimi iliyoninyang'anya kazi ni mashine ya kuchapa mabango ya plastiki. Ilitengenezwa China, ndiyo. Lakini aliyeileta Dagoretti Corner ni Masila, kijana wa kwetu, niliyemfundisha mwenyewe kushika brashi. Sikuandamana kumpinga Masila. Masila angenijibu kwa Kikamba.

Na sasa kosa lenyewe. Sisi waandishi wa vibao hatuachi kazi bila jina. Ukimaliza bucha, ukimaliza kinyozi, ukimaliza kanisa, mkono unashuka wenyewe kwenye kona ya chini, unaandika jina na namba ya simu, ndogo, nadhifu. Huko ndiko kazi nyingine hutoka. Basi nikaandika *Kimanzi Arts* na namba yangu kwenye kona ya mabango yote arobaini. Sikufikiri. Tulikuwa tumeshafika Moi Avenue Joash alipoinama akasoma, akacheka mpaka akakohoa.

"Komredi, wewe unaandamana ama unatafuta kazi?"

"Yote mawili," nikamjibu. Nilidhani ni mzaha.

Gazeti likapiga picha. Wiki mbili baadaye simu ikalia.

"Wewe ni Kimanzi wa bango?" Sauti ya mwanamke, Kiswahili kimekatwa vipande vipande. Nilidhani ni polisi wamepata njia mpya. "Mimi niko na duka kwa kichochoro nyuma ya River Road. Nataka jina juu ya mlango."

"Duka la nani?"

"La mimi. Mchina." Nikasikia akifunua karatasi. "Nimeona kazi yako kwa gazeti. Herufi yako imenyooka. Yule wa mashine, jua inapiga miezi mitatu, jina yangu inaisha."

Nilienda. Nilipanda ngazi nikaandika MAMA YVONNE HOUSEHOLD, nyekundu na njano, sufuria upande mmoja na kufuli upande wa pili. Wateja walimwita hivyo kwa sababu msichana wake, Yvonne, alizaliwa hapa, na shuleni aliandikishwa jina hilo. Yeye mwenyewe alishika ngazi. Akanipa chai. Hakusema lolote juu ya bango, na mimi sikusema. Nilitia namba yangu kwenye kona, akaitazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesema imefika mahali pake.

Tangu hapo kila mwaka naenda kupaka upya. Kuomba msamaha sikuwahi. Ningeanzia wapi? Yeye pia hakuuliza. Tulikuwa watu wa kazi.

Mukai alileta karatasi zenye maandishi ya Kichina yaliyotolewa kwenye mtandao. Nikayanakili kama nilivyonakili Kiarabu cha msikiti na Kigujarati cha duka la dawa, mstari kwa mstari, bila kujua. Jioni akakaa kwenye debe la rangi akanisomea hadithi kutoka kwenye simu yake. Mvua inanyesha Nairobi mwaka mzima. Mji wote umenunuliwa na kampuni moja ya Mashariki. Watu wanakula tambi chini ya miavuli. Wenyeji wanabeba mizigo na kuuza figo. Juu kabisa ya jengo anakaa Malkia, mwanamke wa Kichina, hasemi, anatazama tu. Mwishowe watu wanachoka, wanavunja kioo chake.

"Na wazungu wa mwaka huo wako wapi?" nikauliza.

Akapitisha kidole kwenye simu. "Kuna mmoja. Ni mpelelezi."

"Anafanya nini?"

"Ndiye anaokoa mji."

Tukatazamana. Alikuwa wa kwanza kucheka, nami nikacheka kwa sababu yeye amecheka. Zamani ningetoka hapo niende Jeevanjee nikaongee saa mbili. Ningewaambia: angalieni watu waliokuja hapa na bendera na karatasi za mashamba, wakatunyang'anya Limuru na Kabete, leo wanaota ndoto mbaya kwamba kuna mtu atakuja awanunue wao, na hata hiyo ndoto wanakuja kuilala kwetu. Maneno yalikuwa kichwani, yamepangwa. Hayakuwa na joto. Nikachovya brashi.

Bango nililiacha mwisho. Mukai alisimama nyuma yangu.

"Baba, usiweke namba."

"Kwa nini?"

"Dairekta amesema. Ni mwaka elfu mbili tisini na moja. Hakuna mtu ana namba ya Safaricom. Na amesema ni hasira ya watu wote, isionekane ni ya mtu mmoja."

"Ilikuwa ya mtu mmoja. Nilikuwa nimekaa hapa."

"Baba." Akashika kidole chake, tabia yake tangu utotoni. "Jumatatu wanaamua. Tafadhali."

Nikaacha kona tupu. Mkono ulishuka pale wenyewe, nikaurudisha.

Tukio lilifanywa Jumapili, saa za kanisa, maduka yakiwa yamefungwa. Walichagua kichochoro cha Mama Yvonne. Kumbe dairekta alipokuja kutazama mahali alimwona mlangoni na kalamu nyuma ya sikio, akasema: Malkia ni huyu. Wasichana waliotumwa na wakala aliwakataa, eti wanatabasamu. Mama Yvonne alikubali. Biashara ilikuwa imekufa, watu wanaagiza sufuria kwa simu moja kwa moja kutoka kwao China, na yeye anabaki amekaa katikati.

Walikuwa wamefunika kichochoro chote kwa turubai jeusi, ili saa tatu asubuhi iwe usiku. Lori la maji liliegeshwa upande wa River Road, bomba likapandishwa juu, na mvua ikanyesha. Mimi naishi Uthiru, maji ya mfereji tunayaona Jumanne na Ijumaa. Nilisimama chini ya mvua ile nikatazama inavyoingia kwenye mtaro. Vibao vyangu kumi na viwili vilikuwa vimetundikwa, taa za waridi zinapita juu yake. Lazima niseme, kazi ilikuwa safi.

Mama Yvonne alitoka dukani kwake amevaa joho la dhahabu mpaka chini, nywele zimesimamishwa kwa vijiti. Akaja moja kwa moja kwangu, akiinua joho lisilowe.

"Kimanzi. Sasa."

"Poa, Mama Yvonne. Umekuwa malkia."

"Nguo inawasha." Akaonyesha vibao kwa kidevu. "Hii yote umeandika inasema supu."

"Supu?"

"Supu ya ng'ombe. Hii supu. Hii supu. Ile ya juu pia supu, lakini umepewa karatasi imegeuka chini juu."

"Vyote kumi na viwili?"

"Zote. Hii kampuni ya mimi imenunua Nairobi iuze supu." Hakucheka. Alisema kama anayenitajia bei. "Na mimi naambiwa nisiongee Kiswahili. Niongee Kichina chochote, sauti wataweka baadaye. Nimeuliza, nikisema bei ya sufuria? Wamesema sawa."

Halafu mtu wa mapambo akapita na bango. Limetiwa vumbi la uongo na alama za moshi, lakini herufi ni zangu. NAIROBI SI DUKA LENU. RUDINI KWENU. Mama Yvonne alilifuata kwa macho mpaka likafika ukutani. Mimi nilitazama viatu vyake. Chini ya dhahabu alikuwa amevaa ndara za dukani.

"Wananiita," akasema, akaenda kukaa nyuma ya kioo.

Kioo kile hakikuwa kioo. Kilitengenezwa kwa kitu kama sukari guru, kivunjike bila kumkata mtu. Kililetwa kwa ndege na kilikuwa kimoja tu. Kwa hiyo mpango ulikuwa hivi: asubuhi tupigwe picha za kukasirika na kusogea, na baada ya chakula, mara moja tu, kioo kivunjwe.

Umati ulikuwa watu sitini, na nusu yao niliwajua. Joash alikuwa mstari wa mbele, amevalishwa koti la plastiki na waya zinatoka shingoni.

"Komredi!" akaniita. "Leo tunalipwa kukasirika. Siku ile tulifanya bure."

"Waya za nini?"

"Nimeuza ubongo, wanasema. Wangeniuliza, ningewaambia niliuza zamani."

Nikapewa bango, nikawekwa katikati. Dairekta alikuja mwenyewe, mtu mpole, mwembamba, anakushika bega anapoongea. Alikuwa na ile picha ya gazeti kwenye simu. Mukai akatafsiri, daftari limeshikwa kifuani.

"Anasema, baba, unaona uso wako hapa? Anataka huo uso."

Nikauona uso ule. Mdomo wazi, mishipa imesimama. Mtu mwenye afya.

Wakapiga ubao wa kuanzisha picha, mvua ikaanza, umati ukapiga kelele, nikapandisha bango. Kata, dairekta akaita. Tena. Kata. Dairekta akaja akaniambia nifikirie walichonifanyia. Nikafikiria. Nikamfikiria Masila na mashine yake. Nikawafikiria wenye maghala wa Kenya waliowauzia Wachina hao hao leseni, kisha wakatupa nauli ya kuja kuandamana. Hilo nililijua hata siku ile. Nikafikiria viatu vya kushoto. Yote yalipita mbele yangu kwa mpangilio, safi kabisa, kama mtu anayesomewa orodha ya vitu vya mtu mwingine. Nyuma ya kioo Mama Yvonne alikuwa akitaja bei za sufuria kwa Kichina, taratibu, uso hauna kitu. Mara ya tisa nikagundua kwamba uso wake na wangu ni uso mmoja.

"Anasema upumzike kidogo, baba," Mukai akanong'ona. Shingo yake ilikuwa imelowa. "Baba, jaribu. Nakuomba."

"Najaribu, mami. Haiko."

Mara ya kumi na moja wakachukua bango langu, wakampa Hezekiah. Huyo alikuwa mwigizaji hasa, mtu wa thelathini hivi, wa Buruburu, na alikuwa na adabu. Akanijia.

"Mzae, samahani kukuchukulia nafasi. Hebu niambie, hapa haswa mlikuwa mnataka nini?"

Nikaanza kumweleza. Bei ya jumla, bei ya rejareja, leseni, mashine, nani aliyemiliki ghala. Sentensi mbili tu zikapita.

"Nimeshika, mzae," akasema. "Asante sana."

Na kweli alikuwa ameshika. Mvua ilipoanza alilia kwa sauti iliyonisimamisha nywele. Bango lilitetemeka mikononi mwake. Umati ulimfuata, Joash pia, na kwa kitambo kidogo hata wapishi waliacha masufuria. Ilikuwa nzuri kuliko yetu ya siku ile. Dairekta alipiga goti kwenye maji akishangilia. Nikasimama kando na taulo begani nikaiangalia hasira yangu ikifanya kazi bila mimi.

Saa saba wakasimamisha tule. Foleni ya pilau ilipinda mpaka nje ya turubai, kwenye jua. Mimi sikuwa na njaa. Bango lilikuwa limeegemezwa mlangoni mwa duka, na Mama Yvonne alikuwa amechuchumaa mbele yake na sahani, joho limekunjwa mapajani kama kanga. Alikuwa akitazama kona ya chini.

"Hakuna namba," akasema.

"Wamekataa. Wanasema ni ya watu wote."

Akatafuna. Akameza.

"Siku ile," akasema, "mimi nilifunga mlango, nikazima taa. Yvonne alikuwa mdogo, nikamweka chini ya meza. Nikasikia watu wengi wanapita. Watu wengi hawana jina, hiyo inaogopesha. Usiku sikulala. Halafu gazeti imekuja, nikaona bango iko na jina na namba. Nikasema, aa. Ni mtu. Kimanzi, Dagoretti Corner. Nikaweza kulala." Akaokota punje ya wali kwenye joho. "Nilikaa na hiyo namba wiki mbili. Nilitaka nikupigie nikutukane. Kichina nilikuwa nimepanga maneno mengi. Kiswahili sikuwa nayo. Nikaomba kibao."

Nilisimama. Nikapangusa maji kwenye ukingo wa bango kwa taulo.

"Hii sasa," akasema, akigusa kona tupu kwa kijiko, "hii nani ameandika?"

Mfukoni nilikuwa na brashi ndogo na kopo la rangi nyeusi, la kurekebisha vibao vikikwaruzwa. Ng'ambo ya kichochoro Mukai alikuwa kwenye foleni, anacheka na wenzake, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Nilimwona vizuri. Nakumbuka ile miaka mitatu, bahasha za kaki, nauli za kwenda kuambiwa tutakupigia. Nakumbuka alivyoning'iniza kitambulisho kile kwenye msumari ukutani siku ya kwanza, tukakitazama kama picha ya arusi. Sitaki kusema kwamba sikujua. Hilo nataka liandikwe mahali: nilijua.

Nikachuchumaa. *Kimanzi Arts, Dagoretti Corner*, na namba. Ndogo, nadhifu. Nikapuliza ikauke. Mama Yvonne alikuwa ameinuka kurudisha sahani yake.

Hakuna aliyeona. Saa nane walipiga ubao, mvua ikaja, Hezekiah akanguruma akaruka mbele na bango, akakipiga kioo katikati. Sukari ilimwagika kama mvua ya mawe. Malkia hakufumba macho. Bango lilipita mbele ya kamera kwa urefu wake wote, polepole kwa sababu limeshika maji, na dairekta akalia machozi, akamkumbatia kila mtu, mimi pia.

Jumatatu Mukai alirudi Uthiru saa kumi, mapema. Akavua viatu mlangoni. Akapasha chakula, akala, akaosha sahani yake na yangu na kikombe kilichokuwa safi. Shingoni hakuwa na kitu. Nilikuwa nimekaa mezani na redio.

"Waliona asubuhi," akasema akiwa ameuelekea ukuta. "Kwa skrini kubwa. Wote tukiwa hapo. Dairekta akasimamisha, akasogeza karibu, akasoma kwa sauti. Dagoretti Corner. Watu wakacheka."

"Wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini? Kila mtu anajua ni baba yangu." Akapangusa mikono. "Bosi amesema hana ubaya na mimi. Amesema tu hawezi kuniamini na vitu."

Redio ilikuwa ikitaja bei ya mahindi. Nikaizima.

"Ulijua, baba."

"Nilijua."

"Na wajua walifanya nini? Wamemwita yule wa kompyuta. Akafuta. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na barua ya kuachishwa mkononi. Akafuta namba, akafuta Kimanzi, akaweka vumbi. Halafu akachukua herufi zako akazitia kwa mabango mengine yote, umati mzima, elfu ngapi sijui, wale watu wa kuongezwa kwa kompyuta. Wote wameshika mkono wako." Akanigeukia. Hakuwa analia. "Dakika mbili, baba. Nilitazama saa."

Ninayo majibu mengi, nimeyakusanya miaka arobaini, yana tarehe na majina ya watu. Nilikaa nikayapitia moja moja. Nje mtu alikuwa akivuta mtungi wa gesi kwenye kokoto.

Simu yangu ikaanza kulia mezani. Mama Yvonne. Nilijua anachotaka: alishasema anahama River Road, amepata chumba cha mbele hapa hapa Uthiru, karibu na barabara, na anataka kibao kabla ya mwisho wa mwezi. Sikuishika. Ililia, ikazunguka kidogo juu ya meza, ikanyamaza, ikalia tena.

Mukai aliitazama. Mara ya tatu akapangusa mikono tena kwenye leso, akaishika.

"Kimanzi Arts," akasema, kwa sauti ile ile ya ofisini. Akasikiliza. "Ndiyo. Ndiyo, Mama Yvonne. Yuko." Akavuta bahasha ya kaki kutoka kwenye mkoba wake, akaigeuza upande usioandikwa, akatafuta kalamu. "Urefu wa ukuta? Hapana, usipime na macho. Tutakuja kesho asubuhi. Sisi wawili."

Akaweka simu chini, uso juu, akarudi kwenye karai akamwaga maji.